Nani Aliyepuliza Filimbi? Jinsi Chanzo cha Ugonjwa Adimu wa Tezi Kinavyotafutwa

Mama msomaji, hakuna mlezi asiyeijua mitoki. Unamwogesha mtoto, mkono unapita shingoni, mara unagusa kitu kama punje ya harage kinachoteleza chini ya ngozi. Ukichunguza vizuri, mara nyingi sababu haiko mbali. Jino limeoza, koo limevimba, kichwa kina mapunye, au mguu ulichomwa na mwiba na mtoki umejitokeza kwenye kinena. Kidonda kikipona, mtoki nao hunywea. Bibi zetu walilijua hilo bila kwenda chuo chochote, na ndiyo maana mtoto akivimba mtoki wa kinena jambo la kwanza kwao lilikuwa kumtazama nyayo.

Lakini iko mitoki isiyonywea, na ipo michache sana ambayo huvimba bila kidonda, bila jino bovu, bila kifua kikuu na bila saratani. Mmoja wa ugonjwa wa namna hiyo huitwa ugonjwa wa Castleman. Ni adimu kiasi kwamba muuguzi anaweza kumaliza utumishi wake wote bila kuujua kwa jina, na pengine aliwahi kumhudumia mgonjwa wake. Nimependa kuueleza mwezi huu kwa sababu habari ya jinsi chanzo chake kinavyotafutwa inatufundisha mengi kuhusu tezi zetu, na pia kwa sababu sehemu moja ya habari hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu sana.

Sungusungu wa mwilini

Wengi wetu tunawafahamu sungusungu. Usiku mmoja wao akimwona mwizi hupuliza filimbi. Wenzake wakisikia nao hupuliza, na baada ya muda mfupi kijiji kizima kiko nje kimeshika marungu. Tezi za limfu, ambazo ziko mamia mwilini, ndizo vituo vya sungusungu hao. Shingoni, kwapani, kwenye kinena, ndani ya kifua na tumboni, askari wa kinga hukusanyika humo, hupashana habari na huongezeka idadi. Ndipo tezi inapovimba. Filimbi zao ni kemikali ambazo chembe moja huzitoa ili kuziamsha nyingine.

Sasa fikiri kijiji ambacho filimbi zinalia usiku na mchana, watu wamejaa njiani, lakini mwizi haonekani. Mwisho wake marungu huanza kuangukia nyumba za wenyeji. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mgonjwa wa Castleman aliye katika hali mbaya. Homa haishuki, usiku anatoka jasho la kulowesha shuka, anakonda, damu inapungua, miguu na tumbo vinajaa maji, figo na ini vinaanza kushindwa. Kinachomwangamiza ni kinga yake mwenyewe. Swali ambalo wataalamu wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka 60 ni hili: nani aliyepuliza filimbi ya kwanza?

Daktari wa Boston

Benjamin Castleman alikuwa daktari wa patholojia, yaani wale wanaokaa maabara na kutazama vinyama kwa hadubini, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani. Mwaka 1954 ilichapishwa habari ya mgonjwa mmoja aliyekuwa na uvimbe mkubwa wa tezi kifuani. Mwaka 1956 yeye na wenzake wawili wakaandika kuhusu wagonjwa 13 wa aina hiyo. Ukitazama picha ya eksirei ungesema ni saratani. Kwenye hadubini haikuwa saratani, bali tezi iliyokua kupita kiasi, chembe zake zimejipanga duara juu ya duara kama maganda ya kitunguu.

Wagonjwa wa Castleman walikuwa na uvimbe mahali pamoja tu. Aina hiyo, mpasuaji akiweza kuutoa uvimbe wote, wengi hupona kabisa. Siku hizi inafahamika kwamba katika baadhi ya vivimbe hivyo kuna kasoro ya jeni iliyotokea ndani ya uvimbe wenyewe, tena katika chembe zinazoishikilia tezi kama nguzo na si katika askari. Kasoro hiyo mgonjwa hakuzaliwa nayo.

Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, madaktari walianza kutambua aina nyingine ambayo tezi huvimba sehemu nyingi kwa pamoja na mwili mzima huumwa. Hapo kisu hakisaidii. Utakata tezi ngapi?

Filimbi yapatikana Japani

Hatua kubwa ya kwanza ilitoka Osaka. Mwaka 1986 kundi la Profesa Tadamitsu Kishimoto lilikuwa limeitambua jeni ya kemikali moja ya kinga iitwayo intalukini-6. Mwaka 1989 Kazuyuki Yoshizaki na wenzake wakaonyesha kwamba tezi za wagonjwa wa Castleman zinaimwaga kemikali hiyo kwa wingi. Mgonjwa mmoja aliyekuwa na uvimbe wa mahali pamoja alipofanyiwa upasuaji, intalukini-6 ilishuka katika damu yake na hali yake ikawa nzuri. Naam, filimbi ilikuwa imepatikana.

Wajapani hawakuishia hapo. Walitengeneza dawa ya kuizuia filimbi hiyo isisikike, tosilizumabu, na mwaka 2005 ikaruhusiwa nchini mwao kwa ugonjwa huu. Mwaka 2014 Marekani nayo iliruhusu dawa ya kundi hilohilo, siltuksimabu, baada ya majaribio ya wagonjwa 79. Kati ya 53 waliopewa dawa, 18 walipata nafuu ya kudumu. Kati ya 26 waliopewa dawa ya bandia hakuna hata mmoja aliyepata nafuu hiyo.

Tazama hesabu hiyo vizuri, mama. Kwa 18 hao ni uhai. Lakini 35 walipewa dawa hiyohiyo wakabaki bila nafuu hiyo. Kwa hiyo kuzima filimbi moja si kumpata aliyepuliza, na wako wagonjwa ambao intalukini-6 yao wala haikuwa juu sana.

Mwizi anayebeba filimbi yake

Kwa baadhi ya wagonjwa mwizi yupo, na ni kirusi. Mwaka 1994 mume na mke wanasayansi waliokuwa New York, Patrick Moore na Yuan Chang, walikigundua walipokuwa wakitafuta chanzo cha saratani ya Kaposi, ile inayotoa mabaka meusi au ya zambarau kwenye ngozi na ambayo tuliiona sana wakati UKIMWI haujapata dawa. Kirusi hicho ni cha ukoo wa herpesi, nacho kikapewa namba 8. Mwaka uliofuata madaktari wa Paris walikitafuta katika tezi za wagonjwa wa Castleman. Wote 14 waliokuwa na virusi vya UKIMWI walikuwa nacho. Kati ya 17 wasiokuwa na virusi vya UKIMWI, 7 walikuwa nacho.

Halafu likagundulika jambo la kushangaza zaidi. Kirusi hicho kina jeni yake chenyewe ya intalukini-6, inayofanana na ya binadamu. Ni mwizi anayeingia kijijini na filimbi mfukoni, akaipuliza yeye mwenyewe.

Hapa ndipo habari inapotugusa. Kirusi namba 8 kimeenea sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki na Kati kuliko Ulaya au Marekani. Hukaa kwenye mate, na kwetu watu wengi hukipata utotoni, humohumo ndani ya nyumba, wala si kwa zinaa kama wengine wanavyodhani. Najua sentensi hiyo inaweza kuleta ugomvi, kwa hiyo nairudia: mtu kuwa na kirusi hiki si ushahidi wa uasherati wa mtu yeyote. Pia si sababu ya kuogopa kumbusu mtoto wako. Wengi sana wanaishi nacho mpaka uzee bila kuumwa. Huleta madhara hasa kinga inaposhuka, na kwetu sababu kubwa ya kushuka ni virusi vya UKIMWI. Hata hivyo imeonekana kwamba mtu anayetumia vizuri dawa za kufubaza virusi anaweza kuupata ugonjwa wa Castleman, hivyo asiambiwe kwamba ameacha dawa kabla hajapimwa. Aina hii ya ugonjwa ilikuwa ikiua haraka. Siku hizi, pale dawa iitwayo rituksimabu inapopatikana, pamoja na dawa za kufubaza, wagonjwa wengi wanaishi.

Mgonjwa aliyegeuka mtafiti

Wanabaki wale wenye tezi nyingi zilizovimba na kirusi hakipo. Kwa lugha ya kitabibu aina yao imepewa jina ambalo maana yake, ukilifungua, ni "chanzo hakijulikani". Mmoja wao ni David Fajgenbaum.

Mwaka 2010 alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, mwenye nguvu za kubishana na milango. Mama yake alikuwa amefariki kwa saratani ya ubongo mwaka 2004. Ghafla akaanza kuchoka, akaona vivimbe shingoni, na baada ya muda mfupi alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, ini, figo na uboho vikishindwa kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyejua anaumwa nini. Padre aliitwa akampa sakramenti ya mwisho. Jina la ugonjwa lilipatikana baada ya kinyama cha tezi yake kusomwa, na mchanganyiko wa dawa kali za saratani ukamrudisha.

Ugonjwa ulirudi, ukarudi tena. Mwaka 2012 ulirudi akiwa tayari anatumia siltuksimabu, dawa iliyokuwa tumaini lake. Daktari wake, Frits van Rhee wa Arkansas, mmoja wa wanaoujua ugonjwa huu kuliko wote, hakuwa na dawa nyingine mpya ya kumwahidi. Mwaka huohuo, yeye na daktari huyo wakaanzisha mtandao wa kuwaunganisha watafiti na wagonjwa wa Castleman duniani kote.

Walichokifanya nakipenda kuliko sehemu nyingine zote za habari hii. Utafiti wa magonjwa kwa kawaida huenda kama harusi isiyo na kamati. Kila mtu analeta anachojisikia. Mwisho masufuria ya pilau yako kumi na hakuna aliyekumbuka maji. Mtafiti anachagua swali analolipenda, anaomba fedha, akipata anafanya. Fajgenbaum na wenzake walianza kwa kuwauliza madaktari, watafiti na wagonjwa wenyewe: ni swali gani linalotakiwa kujibiwa kwanza? Wakayapanga maswali, kisha wakamtafuta mtu anayefaa zaidi kwa kila swali, hata kama hajawahi kuusikia ugonjwa huu, ndipo wakatafuta fedha na vinyama vya kupimia. Yaani kamati ikakaa kwanza.

Maswali yenyewe, ukiyavua majoho, ni matatu. Je, yupo mwizi aliyejificha, kirusi kisichofahamika bado? Je, sungusungu wamemdhania mwenyeji kuwa mwizi, kama inavyotokea katika ugonjwa wa lupasi na ule wa baridi yabisi? Au yuko sungusungu mmoja aliyeharibika akili, chembe yenye kasoro ya jeni, anayepuliza filimbi bila sababu? Kuhusu swali la kwanza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, ya uchunguzi wa vinyama kwa mbinu inayoweza kunasa virusi vya kila ukoo unaojulikana kwa viumbe wenye uti wa mgongo, hayakumwona kirusi wa kulaumiwa katika aina hii. Mengine mawili bado yako mezani, na inawezekana majibu si yaleyale kwa kila mgonjwa.

Ulikuwepo pia mkanganyiko wa kawaida kabisa: madaktari hawakuwa wakikubaliana nani hasa ana ugonjwa huu. Mwaka 2017 wataalamu 34 kutoka nchi 8 walipitia habari za wagonjwa 244 na vinyama 88, wakatoa vigezo vya pamoja. Bila hivyo huwezi kutafuta chanzo, maana utakuwa umechanganya mchele na pumba kapuni.

Dawa iliyolala kwenye friza

Fajgenbaum mwenyewe alikuwa anahifadhi damu yake na kumbukumbu za vipimo vyake. Ugonjwa uliporudi tena mwishoni mwa mwaka 2013, alizichambua na kuona kwamba kabla ya kuugua, askari wa kundi la T walikuwa wameamka, na kemikali moja ya kuotesha mishipa ya damu ilikuwa imepanda. Vyote viwili vilimpeleka kwenye swichi moja ndani ya chembe, na dawa ya kuizima swichi hiyo ilikuwapo madukani tangu mwaka 1999, ikitumiwa na waliopandikizwa figo. Inaitwa sirolimasi. Mwanzoni mwa mwaka 2014 akaanza kuitumia. Mei mwaka huo alifunga ndoa. Miaka zaidi ya 10 imepita, ni daktari na baba wa watoto, na ugonjwa haujarudi.

Dawa hiyo nayo ina historia yake. Ilitoka kwenye udongo uliochotwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki, ambamo bakteria fulani huitengeneza. Kampuni iliyokuwa ikiichunguza iliamua kuachana nayo katika miaka ya 1980. Mtafiti wake, Suren Sehgal, kwa mujibu wa familia yake, alichukua chupa ya bakteria hao akaiweka kwenye friza ya nyumbani, imeandikwa isiliwe, mpaka alipopata ruhusa ya kuendelea. Mwenye friza ya kugombania nafasi ya samaki na nyama atamwelewa mkewe.

Sirolimasi haikuwafaa wagonjwa wote wa Castleman, na hilo nalo ni dokezo kuhusu chanzo. Mwaka 2022 Fajgenbaum na wenzake walianzisha shirika la kutafuta kazi mpya kwa dawa za zamani kwa kutumia kompyuta. Mwaka 2025 ilichapishwa habari ya mgonjwa mmoja ambaye dawa zote zilikuwa zimemshinda. Kompyuta ililinganisha maelfu ya dawa na kuiweka juu adalimumabu, ya wagonjwa wa viungo, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kwamba filimbi inayozimwa na dawa hiyo ilikuwa imezidi. Alipewa, na hadi habari inachapishwa alikuwa amekaa karibu miaka miwili bila ugonjwa kurudi.

Na huku kwetu?

Mtu akija na mitoki, homa ya muda mrefu, jasho la usiku na kukonda, sisi wauguzi wazo la kwanza ni kifua kikuu. Ni sawa kabisa, kwa sababu kifua kikuu cha tezi ni cha kawaida kwetu na Castleman ni adimu. Apimwe kifua kikuu, apimwe virusi vya UKIMWI. Tatizo ni pale dawa zinapoanzishwa kwa kukisia tu, miezi inakatika, mitoki iko palepale, homa inakuja na kuondoka, na hakuna anayeuliza tena. Madaktari wa Lilongwe, Malawi, walipoimarisha maabara yao ya patholojia katika miaka ya 2010, walianza kuwaona wagonjwa wa Castleman wenye virusi vya UKIMWI. Huenda walikuwapo siku zote. Hakukuwa na mtu wa kutazama kinyama.

Kwa hiyo mtoki uliozidi wiki nne bila sababu inayoonekana, au unaoendelea kukua, au ulio juu ya mfupa wa mtulinga, upelekwe hospitali. Usichanjwe chale, usikandwe kwa majani ya moto. Daktari akitaka kuutoa mtoki mzima usishangae kwamba wiki iliyopita walitumia sindano tu. Maji ya sindano hutosha mara nyingi kuona kifua kikuu, lakini ugonjwa huu hutambulika kwa jinsi chembe zilivyojipanga, na mpangilio huo hauonekani mpaka tezi itazamwe ikiwa nzima.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Nimewahi kuona chupa yenye kinyama cha mgonjwa imekaa dirishani wodini siku nne, kwa sababu ndugu hawakuambiwa kwamba wao ndio wanaotakiwa kuipeleka maabara kuu. Mama, uliza. Kinyama kinapelekwa na nani, lini, na gharama ni kiasi gani? Hakikisha chupa ina jina kamili na tarehe, na dawa ya kuhifadhia imekifunika kinyama chote. Majibu yakija, chukua nakala, uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kwenye daftari andika siku homa ilipopanda na dawa zilizotolewa.

Tena kinyama chenyewe hakitupwi baada ya kusomwa. Hugandishwa ndani ya nta na kuwekwa kwenye kabati la maabara kwa miaka, kikiwa na namba. Namba hiyo iko kwenye karatasi ya majibu. Mgonjwa asipopona, daktari anaweza kuomba kikatwe upya na kutazamwa na mtaalamu mwingine, au kipimwe kirusi namba 8, bila mgonjwa kupasuliwa tena.